Mvinyo Huharibikia Gatini

Kila mwaka, kaskazi inapokolea na jua la pwani likawa kali, huwasikia wafanyabiashara wa mvinyo wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam wakileta lalamiko lile lile: kwamba shehena iliondoka Stellenbosch au Paarl, kule Rasi ya Tumaini Jema, ikiwa salama, ikapakiwa melini, na ilipofunguliwa ghalani ikaonekana imechakaa kabla ya wakati wake, mvinyo mweupe umeingia rangi ya udhurungi, mwekundu umepoteza harufu ya matunda, na baadhi ya chupa zimevuja, nao kwa kauli moja huitupia bahari lawama. Rai yangu ni kinyume cha hayo. Bahari haina hatia kubwa katika jambo hili, na mwenye hatia ni nchi kavu: yadi ya kiwanda, gati la kuondokea, bandari ya kuhamishia na uwanja wa forodha, mahali ambapo kontena husimama juani siku kadha wa kadha bila ya mtu kujua kwamba ni wajibu wake kuliondoa. Na vile vinasa joto ambavyo siku hizi hutiwa ndani ya makontena, ijapokuwa ni vyombo vyema na vya bei nafuu, havitatufaa kitu maadamu husomwa na mtu ambaye, wakati anapovisoma, hana tena la kutenda ila kusikitika.

Najua ya kwamba wasomaji wangu wengi wa pwani hawanywi mvinyo, na wapo ambao kwao hata kuutaja ni karaha. Sikuandika haya ili kumshawishi mtu yeyote auonje. Lakini mvinyo ni bidhaa inayopita katika bandari zetu kwa idhini ya sheria, hulipiwa ushuru, huwapa riziki makuli, madereva, makarani na mawakala wa forodha, na kwa mwanafunzi wa usafirishaji una faida moja ambayo saruji na mabati hayana, nayo ni kwamba huonyesha taksiri ya kila aliyeushika njiani. Dawa za hospitali, mafuta ya zeituni na asali hudhurika kwa njia zinazokaribiana na hizi. Basi msomaji asiyekuwa na haja ya mvinyo na aweke mahali pake bidhaa aitakayo, na hoja itabaki ile ile.

Tuanze na athari ya joto, kwani hapo ndipo penye chanzo cha dhana nyingi zisizo sahihi. Mvinyo, kama vimiminiko vyote, hutanuka ukipata moto. Chupa ya mililita 750 iliyojazwa katika joto la nyuzi 20 za sentigredi, ikifikia nyuzi 40, mvinyo wake huongezeka kiasi cha mililita 5 hivi. Na kwa kuwa upana wa ndani wa shingo ya chupa ni milimita 18 na ushei, nyongeza hiyo ambayo kwa kijiko ni kitu kidogo yatosha kuupandisha uso wa mvinyo sentimita moja na nusu au zaidi, yaani kuimeza karibu yote ile nafasi ya hewa iliyoachwa chini ya kizibo. Hewa hubanwa, hubana kizibo, na kizibo aidha huinuka au huruhusu matone kupenya ubavuni mwake. Na usiku, joto linaposhuka, mvinyo hunywea na chupa huvuta ndani hewa mpya yenye oksijeni kwa njia ile ile ambayo matone yalitokea. Ndiyo maana mkaguzi mwenye uzoefu, kontena lifunguliwapo, hakimbilii kuonja. Huyaendea makasha ya safu ya juu kabisa, yaliyo karibu na dari, hutoa chupa, hushika shingo yake na kujaribu kukizungusha kile kikofia cha bati laini kilichouvika mdomo: kikizunguka kwa wepesi ni dalili njema, na kikikataa yamkini mvinyo ulivuja chini yake, ukakauka na kugandisha kama gundi, ingawa wako watengenezaji ambao hukibana kikofia tangu mwanzo. Kisha hupitisha kidole gumba juu ya mdomo, kwani kizibo kilichosukumwa huacha kinundu ambacho mkono hukitambua hata pale ambapo jicho halikioni.

Hayo ni madhara yanayoonekana, na kwa kweli ni madogo kuliko yasiyoonekana. Ndani ya chupa mna mambo mengi ya kikemia yanayokwenda polepole, na kanuni ya kukadiria ambayo wanakemia wameizoea ni kwamba mwendo wa mambo hayo huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 joto linapopanda. Salfa dioksidi, ambayo mtengenezaji aliitia ili iulinde mvinyo na oksijeni, hupungua upesi. Viungo vinavyoupa mvinyo mchanga harufu yake ya matunda huvunjika. Protini zilizobaki katika mvinyo mweupe huweza kujikunyata na kuufanya uwe na ukungu. Na liko jambo la afya ambalo wauzaji hawapendi kulitaja: urea iliyomo kwa kiasi kidogo katika mvinyo huungana na kileo ikafanya ethili kabameti, kitu ambacho kimeonekana kusababisha saratani kwa wanyama, na kasi ya muungano huo hutegemea sana joto. Kanada iliweka mwaka 1985 kikomo cha mikrogramu 30 kwa lita katika mvinyo wa kawaida, na tangu hapo mwenye kuuza huko hana budi kujua shehena yake ilipita wapi na katika joto gani.

Hapa sharti niutaje mvinyo mmoja ambao ni istithnai, kwa sababu wapo wanaoutumia kama hoja. Katika karne za merikebu za matanga, mapipa yaliyopakiwa kisiwani Madeira yalivuka ukanda wa joto kwenda Bara Hindi na Amerika, na mengine yakarudi yalikotoka. Wenyeji wakagundua kwamba mvinyo ule uliosafiri umekuwa bora kuliko ulioachwa nyumbani, na kwa Kireno wakauita vinho da roda, yaani mvinyo wa mzunguko. Baadaye waliacha kuusafirisha, wakajenga vyumba na matangi ya kuupashia moto, na hata leo sehemu kubwa ya Madeira huwekwa katika nyuzi 45 hadi 50 kwa muda usiopungua miezi mitatu. Lakini Madeira hutiwa kileo cha ziada, huwa na ukali mwingi wa asidi, na hutengenezwa makusudi ili uwe na ladha ya kuungua. Kusema kwamba kwa kuwa Madeira ulistahimili, basi mvinyo mweupe mwepesi wa Robertson huko Rasi nao utastahimili, ni kukosa insafu.

Kutoka Rasi hadi Mombasa

Sasa tuifuate shehena yenyewe. Nachukua njia ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema kwa sababu ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya mvinyo wa nje unaonywewa Kenya na Tanzania. Kontena la futi ishirini likipangwa makasha bila ya paleti za mbao laweza kubeba chupa zaidi ya elfu kumi. Hujazwa kiwandani, hukokotwa kwa lori hadi bandari ya Cape Town, na hapo huanza kungoja. Katika miezi ya kiangazi cha kusini, kuanzia Novemba hadi Februari, huvuma Cape Town upepo mkali wa kusini mashariki, ule ambao wenyeji wameupa jina la Daktari wa Rasi. Na ukizidi nguvu, winchi kubwa za gatini husimamishwa kwa ajili ya usalama, meli hukaa nje, na makontena hurundikana uwanjani juani. Siku mbili huwa tano, tano huwa kumi. Kontena la chuma lisilo na ubaridi, likipigwa na jua la adhuhuri, hewa iliyo chini ya dari yake huweza kupita nyuzi 50, ijapokuwa mtu aliyesimama nje kivulini hahisi ila nyuzi 30 tu.

Meli ikishang'oa nanga, mambo hutulia. Kontena lililowekwa chini ya sitaha halioni jua, na joto lake hufuata joto la bahari inayoligusa tumbo la meli: baridi katika maji ya Atlantiki, vuguvugu baada ya Durban, na kadiri linavyopanda kupitia mlango wa Msumbiji hukaribia nyuzi 28 hivi za maji ya kwetu. Nyuzi 28 si hali njema ya kuhifadhia mvinyo mwaka mzima, lakini kwa siku chache, bila ya kupanda na kushuka, haziudhuru sana mvinyo mzima wa afya. Iko hatari moja chini ya sitaha ambayo wenye mizigo wachache huijua: mafuta mazito ya injini hupashwa moto ndani ya matangi yake ili yaweze kusukumwa, na kontena lililopangwa ubavuni mwa tangi la namna hiyo hupata joto usiku na mchana safari nzima. Mahali pa kupangwa huamuliwa na ofisa wa mpango wa shehena, naye hajui kama ndani mna mvinyo au mna vigae, mpaka aambiwe kwa maandishi.

Kisha meli huwasili Kilindini, na yale ya Cape Town hurudi upya. Kaskazi ndiyo majira ya joto kuu Mombasa, Februari na Machi hasa, na ndiyo majira ambayo shehena zilizochelewa kwa sikukuu za Desemba huwa bado ziko bandarini zikingoja karatasi. Kontena hupandishwa gari moshi hadi bandari ya nchi kavu ya Embakasi, hungoja ukaguzi wa viwango na wa forodha, na chupa sharti zibandikwe stempu za kodi kabla ya kuuzwa. Yaendayo Kampala na Kigali hukokotwa kwa malori hadi mpakani Malaba, na yaendayo Lubumbashi kwa barabara za kusini yana foleni zao za Kasumbalesa ambazo dereva yeyote wa njia ile atakusimulia bila ya kuulizwa.

Mwenye shaka na maneno yangu na auchukue mchoro wa kinasa joto chochote kilichosafiri njia hii, autandaze mezani na kuutazama bila ya haraka. Mwanzoni ataona mstari umejaa meno kama ya msumeno: kila jino ni mchana mmoja wa kusimama yadini, kilele chake saa nane au saa tisa alasiri, bonde lake karibu na alfajiri. Baada ya hapo mstari hunyooka ghafla, ukawa karibu bapa, ukipanda kidogo kidogo kwa siku nyingi; hiyo ndiyo bahari, ile iliyolaumiwa. Kisha meno huanza tena, marefu kuliko ya kwanza, na hayakomi mpaka mlango ufunguliwe. Kwa kuhesabu meno tu, mtu ambaye hakuwahi kuiona hati ya shehena ataweza kusema kontena lilikaa siku ngapi gatini upande huu na ngapi upande ule.

Mvinyo wa Ulaya una safari ya namna nyingine lakini hukumu yake haitofautiani. Makontena kutoka Ufaransa, Italia na Hispania yaliyozoea kupitia Suez aghalabu huhamishwa meli Salalah au Jebel Ali kabla ya kuja kwetu. Salalah ina bahati ya mvua zake za khareef, ambazo hupoza mji katika Julai na Agosti. Jebel Ali katika miezi hiyo hiyo hupita nyuzi 40 kivulini, na kontena linalongoja hapo meli ya pili hupata kwa wiki moja dhara ambalo bahari yote haikulitia. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalipozifanya meli nyingi kuzunguka Rasi, safari zilirefuka kwa majuma, na wengi walidhani mvinyo ungeharibika zaidi. Mimi sikuogopa urefu wa safari. Niliogopa kwamba ratiba zimevurugika, na ratiba ikivurugika makontena hungoja.

Sasa kuhusu dhana zilizoenea. Ya kwanza ni kwamba kontena la baridi, lile waliitalo bandarini rifa, humaliza shughuli yote. Rifa ni mashine ya kuhifadhi ubaridi uliopo. Haikuundwa kuupoza kwa haraka mzigo ulioingizwa ukiwa moto. Hupuliza hewa baridi kwa chini, kupitia mifereji ya sakafu, ili ipande kati ya makasha na kurudi juu. Ukipakia makasha mpaka darini, au ukaziba mifereji kwa maboksi yaliyochanika, hewa hukata njia ya mkato na katikati ya mzigo hubaki na joto lake la siku ya kupakiwa. Nambari iliyoandikwa mlangoni, tuseme nyuzi 14, ni joto la hewa ambalo mashine imeamriwa kulitoa. Si ahadi juu ya joto la chupa. Na rifa bila ya plagi ni sanduku tu, ingawa ni sanduku lenye kuta nene: hukatwa umeme linapohamishwa kutoka meli kwenda yadi, na kutoka yadi kwenda behewa au lori, na kama lori halina jenereta, au jenereta ina mafuta ambayo dereva ameyaonea huruma, saa mbili huwa siku nzima.

Ya pili ni ile ya blanketi za karatasi ya fedha zinazotandikwa ndani ya kontena la kawaida. Hizi sizidharau; hukata vilele vya mchana, na kwa shehena ya bei ya wastani ni msaada wenye thamani. Lakini blanketi huchelewesha joto, hailiondoi. Kontena lenye blanketi likikaa uwanjani siku tatu huishi katika nyuzi za wastani wa mahali pale. Likikaa wiki tatu, mvinyo wote, wa juu na wa katikati, huwa umefika huko huko, na kwa sababu ya blanketi hiyo hiyo huchukua siku nyingi kupoa.

Ya tatu ni kwamba chupa yenye kifuniko cha kuzungusha, kwa kuwa haivuji, haidhuriki. Ni kweli kwamba huachiwa nafasi kubwa zaidi ya hewa, na ni nadra kuvuja; lakini kemia haiangalii kifuniko. Kwa hakika mimi huihofia zaidi chupa hiyo, kwani yenye kizibo hukupa dalili, na hii hufika sokoni ikiwa safi kwa nje na imechoka kwa ndani. Mvinyo wa boksi, ambao mfuko wake wa plastiki hupenywa na oksijeni kwa urahisi zaidi kadiri joto linavyopanda, ndio dhaifu kuliko wote, nao ndio unaosafirishwa kwa uangalifu mdogo kuliko wote kwa sababu ni rahisi.

Ya nne, na ndiyo inayonikera, ni ile ya wastani. Wakala huleta ripoti yenye mstari mmoja: wastani wa joto la safari, nyuzi 22. Mwagizaji huridhika, akatia saini. Lakini wiki tatu za nyuzi 16 na wiki moja ya nyuzi 40 hutoa wastani wa 22 barabara. Na kwa ile kanuni ya maradufu, wiki ile moja peke yake ni sawa na siku 28 za nyuzi 20, au siku 40 za ghala la nyuzi 15. Hata hesabu hiyo inamstahi mwenye hatia, kwa sababu si mambo yote ndani ya chupa huongeza mwendo kwa kiasi kimoja: mengine hupiga mbio kuliko mengine, na mvinyo uliopikwa hauwi mvinyo uliozeeka, bali huwa kitu kingine. Wahudumu wa chanjo katika zahanati zetu wamelielewa jambo hili tangu zamani. Kile kiduara chenye mraba ndani yake kilichoanza kubandikwa kwenye vichupa vya chanjo ya polio mwaka 1996, ambacho mraba wake hugeuka rangi kidogo kidogo, hakipimi joto la leo wala wastani wa mwezi. Hukusanya joto lote lililokipata pamoja na muda wake, na muuguzi wa kijijini hukitazama na kujua papo hapo kama ataitumia au ataitupa. Biashara ya mvinyo, pamoja na fedha zake zote, bado haijafikia adabu hiyo ya zahanati.

Ya tano ni bima. Mwagizaji anunuaye kwa masharti ya CIF, yaani bei yenye gharama, bima na nauli ndani yake, hudhani kwamba kwa kuwa muuzaji amelipa bima, basi hasara ni ya muuzaji. Sivyo. Chini ya CIF dhima ya hasara humhamia mnunuzi mara shehena inapowekwa melini Cape Town, na kiwango cha chini cha bima ambacho muuzaji analazimishwa kununua na kanuni za biashara ziitwazo Incoterms za 2020 ni kile cha vifungu vya C vya bima ya shehena, ambavyo hutaja moto, kuzama, kukwama na mengine ya jinsi hiyo, na havitaji jua. Hata vifungu vya A, vilivyo vipana kuliko vyote, huacha nje hasara inayotokana na ucheleweshaji na ile inayotokana na tabia ya bidhaa yenyewe, na wanasheria wa kampuni za bima wanavijua vifungu hivyo viwili kwa moyo. Kenya, tangu 2017, imesisitiza kwamba bima ya baharini ya bidhaa zinazoingia inunuliwe kwa kampuni za nchini. Hilo limempa mwagizaji nafasi ya kuchagua masharti mwenyewe, na ni wachache mno ninaowaona wakiitumia kuomba kifungu cha joto kiandikwe waziwazi.

Kipimo na mwenye kukisoma

Kuhusu vyombo vyenyewe sina maneno mengi. Iko stika inayogeuka rangi joto likivuka kiwango fulani; hukuambia kwamba jambo limetokea, haikuambii lini wala wapi. Kiko kinasa joto kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, kinachoandika kila nusu saa au kila saa, na kwa shehena nyingi hicho kinatosha. Na viko vile vinavyotuma habari kwa mtandao wa simu, ambavyo wauzaji wake huvisifu kana kwamba vinaona kila kitu. Lakini ndani ya sanduku la chuma, chini ya sitaha, katikati ya bahari, hakuna mtandao, na kinachotumwa ni kumbukumbu ya siku zilizopita meli inapokaribia pwani. Kwa bahati, kama nilivyosema, hatari kubwa haiko baharini. Iko gatini na yadini, mahali ambapo mtandao upo. Basi chombo hicho cha bei kubwa kina manufaa, kwa sharti kwamba onyo lake limfikie mtu ambaye anaweza kumpigia simu msimamizi wa yadi na kusikilizwa.

Mahali pa kukiweka ni suala zito kuliko aina yake. Kilichobandikwa mlangoni, kwa kuwa ndipo panapofikika kwa wepesi, hupima hewa ya mlangoni. Chupa iliyo katikati ya mzigo huchukua siku nyingi kubadilika. Iliyo juu, chini ya dari, hubadilika kwa saa. Mimi husema vitatu havizidi haja: kimoja ndani ya kasha la safu ya juu, katikati ya chupa zenyewe, kimoja katika moyo wa mzigo, na kimoja karibu na mlango, vyote viwashwe kabla ya kupakia, na nambari zake ziandikwe katika orodha ya mzigo, ili pasiwepo baadaye wa kusema kwamba hakikuwa cha kontena hili.

Dawa iliyo bora kuliko vyombo vyote ni kalenda, nayo haina bei. Kuanzia Juni hadi Agosti Rasi iko katika kipupwe, kusi inavuma kwetu, Mombasa imepoa, na gati la Cape Town lina jua dogo. Mvinyo wa Krismasi na uagizwe miezi hiyo, ufike kabla ya Septemba kwisha, uhifadhiwe Nairobi, mji ulio mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, ambako ghala lenye kuta nzuri na kivuli halihitaji mashine kubwa. Nitaambiwa kwamba fedha zitalala miezi mitatu ghalani. Ni kweli, zitalala. Lakini anayeagiza Novemba huzilaza vile vile, ila huzilaza juani. Kwa mwagizaji wa Dar es Salaam, ambaye hana baridi ya mlimani, hesabu ni ngumu zaidi, na pengine rifa kwake ni lazima mwaka mzima.

Baada ya kalenda huja mkataba. Mzigo upozwe ghalani usiku kucha na upakiwe alfajiri. Kontena lisijazwe Ijumaa likangoja Jumatatu. Barua iende kwa kampuni ya meli ikiomba mahali pa chini ya sitaha, mbali na matangi yanayopashwa moto. Katika kila kituo pawepo mtu mmoja aliyetajwa kwa jina na kwa simu, si idara wala ofisi, naye apewe viwango viwili: katika nyuzi 25 aulize, katika nyuzi 30 aondoe, yaani alihamishie kontena kivulini, aliweke katikati ya rundo ambako makontena mengine yatalikinga na jua, au alipie plagi bila ya kungoja idhini kutoka ng'ambo. Wakubwa wa bandari nao wana lao. Kutenga mistari ya ndani na ya chini ya rundo kwa ajili ya shehena za vimiminiko na dawa hakuhitaji mkopo wa benki wala mshauri wa kigeni. Watengenezaji wa Dodoma, ambao mizabibu yao huvunwa mara mbili kwa mwaka, watayahitaji mambo haya siku watakapopeleka mvinyo wao kwa wingi nje ya nchi, na ingekuwa vyema wayakute tayari.

Kwa mwagizaji ambaye shehena yake iko njiani hivi sasa nina ombi moja. Siku kontena litakapofunguliwa, vitoe vinasa joto kabla ya kasha la kwanza kushushwa, visome hapo hapo mbele ya wakala na dereva, na ukiona meno yamevuka nyuzi 30 mwandikie mchukuzi siku hiyo hiyo. Kanuni za The Hague za mwaka 1924, ambazo bado ndizo msingi wa hati nyingi za shehena, hutoa siku tatu tu za kutoa taarifa ya madhara yasiyoonekana kwa nje, na mwaka mmoja wa kufungua kesi. Ukipitisha siku hizo tatu kimya, sheria hukuchukulia kwamba mzigo umeupokea ukiwa salama mpaka uthibitishe kinyume chake.